Gari la Ng'ombe na Nyumba ya Bibi Harusi: Safari za Wasemaji wa Kwanza wa Kihindi-Kiulaya

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu wa rika langu, na nyinyi vijana mliojibanza huko nyuma, hamjambo. Mvua hii ingewapa udhuru wa kubaki nyumbani, na bado mmekuja. Ahsanteni.

Kabla hatujaketi niliwaomba watu wachache wahesabu kwa lugha za kwao, mbili hadi tano. Dada yetu Mgikuyu akasema igĩrĩ, ithatũ, inya, ithano. Kijana kutoka Kampala: bbiri, ssatu, nnya, ttaano. Mwenzake wa Kigali: kabiri, gatatu, kane, gatanu. Mkacheka, kwa sababu mlisikia kama watu wa nyumba moja wanaoigizana. Kisha jirani yangu wa hapa Mji Mkongwe, ambaye kwao ni Gujarat, akahesabu: be, tran, char, panch. Hapo kicheko kikaisha. Huyo tumekua naye, tumecheza naye barazani, lakini hesabu yake imetoka nyumba nyingine.

Nyumba hiyo nyingine ndiyo habari yangu ya leo. Kiajemi husema do, se, chahar, panj. Kirusi dva, tri, chetyre, pyat. Kireno dois, três, quatro, cinco. Kilithuania, lugha ya nchi ndogo kando ya Bahari ya Baltiki, husema du, trys, keturi, penki. Karibu nusu ya watu wote duniani leo lugha yao ya kwanza ni ya ukoo huu mmoja, ambao mwaka 1813 daktari Mwingereza Thomas Young aliupa jina la Kihindi-Kiulaya. Nani walikuwa wasemaji wake wa mwanzo, walikaa wapi, na ilikuwaje lugha yao ikafika Ireland upande mmoja na Bengal upande wa pili?

Aliyesifiwa kwa kugundua ukoo huu ni jaji, William Jones. Mwaka 1786, mjini Calcutta, aliwaambia wenzake kwamba Kisanskriti, lugha ya kale ya Wahindi, Kigiriki na Kilatini vinafanana mno kwa mizizi ya vitenzi na kwa sarufi, hata haiwezekani ikawa bahati tu. Lazima zimetoka kwenye chemchemi moja ambayo huenda haipo tena. Lakini miaka mia mbili kabla yake, mwaka 1585, mfanyabiashara wa Florence aitwaye Filippo Sassetti, aliyekuwa India kwa shughuli zake, aliandika kwao kwamba Wahindi wana maneno ya Kiitaliano. Saba wao ni sapta, kwetu sette. Nyoka kwao sarpa, kwetu serpe. Mungu kwao deva, kwetu dio. Mimi nampenda huyu zaidi ya jaji. Ni mtu wa bahari yetu hii, mtu wa sokoni, aliyetega sikio.

Hapa niwaonye kidogo, kwa sababu najua kuna mtu ameshaanza kuunganisha sapta na saba yetu. Asiunganishe. Sita, saba na tisa tulizichukua kwa Waarabu, na Kiarabu ni cha ukoo mwingine kabisa. Kufanana peke yake si ushahidi. Mwajemi akitaka kusema kitu kibaya husema bad, Mwingereza naye husema bad, na wataalamu wameshachimba hadi chini wakaona ni bahati tupu, maneno hayo hayana undugu wowote.

Ushahidi ni pale maneno yanapotofautiana kwa utaratibu. Tuje nyumbani. Sisi tunasema kupona, Mgikuyu husema kũhona, Mganda okuwona. Sisi kupa, Mgikuyu kũhe, Mganda okuwa. Mnaona? Palipo na p yetu, Mgikuyu anaweka h na Mganda w, na ukijua mwendo huo unaweza kulitambua neno ambalo hujawahi kulisikia. Sasa chukueni Kilatini na Kiingereza. Baba ni pater, Mwingereza father. Samaki ni piscis, Mwingereza fish. Tatu ni tres, Mwingereza three. Pembe ni cornu, Mwingereza horn. P imekuwa f, t imekuwa th, k imekuwa h. Mdenmark Rasmus Rask aliuona mpango huo mwaka 1818, na mwaka 1822 Jacob Grimm, yule yule aliyekusanya ngano na ndugu yake, akauweka kuwa kanuni. Mwaka 1899 Mjerumani Carl Meinhof alizichukua mbinu hizo hizo akazileta kwenye lugha za Kibantu. Kwa hiyo tunachojua leo juu ya safari ya babu zetu Wabantu kutoka mpakani mwa Nigeria na Kamerun kilipikwa kwenye chungu kile kile. Huyo Meinhof nitarudi kwake, maana ana deni.

Kuna kisa kimoja katika taaluma hii ambacho nikikisimulia huwa nasisimka mwenyewe. Mwaka 1879 kijana wa Uswisi mwenye umri wa miaka 21, Ferdinand de Saussure, alichapisha hoja kwamba lugha ile mama ilikuwa na sauti fulani ambazo hazikubaki katika lugha yoyote inayojulikana. Hakuwa amezisikia popote. Alizipiga hesabu tu, kama mtu anayeona nyayo akasema hapa alipita mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Wengi hawakumsikiliza. Kisha vikachimbwa vibao vya udongo huko Boğazköy, Uturuki, uliokuwa mji mkuu wa Wahiti. Ndio hao hao wa Uria Mhiti mnaowasoma katika Biblia. Mwaka 1915 Mcheki Bedřich Hrozný aliifungua lugha yao kwa sentensi moja: nu NINDA-an ezzatteni watar-ma ekutteni. Alama ya mkate aliijua kutokana na maandishi ya Babeli. Penye mkate, akafikiri, patakuwa na kula. Na hii watar je? Mwingereza wa leo husema water. “Sasa mtakula mkate na mtakunywa maji.” Maji ya Mhiti wa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Na mwaka 1927 Mpolandi Jerzy Kuryłowicz akaonyesha kwamba katika vibao hivyo kuna h fulani imekaa mahali pale pale ambapo Saussure alisema pana sauti iliyopotea. Saussure alikuwa ameshafariki miaka 14.

Basi, walikaa wapi? Lugha yenyewe inasema kidogo. Maneno ni kama vyombo vya jikoni vya mtu aliyehama, ukivitazama unajua alikuwa akipika nini. Walikuwa na neno la kondoo, la sufu, la ng'ombe, la asali na la pombe itokanayo na asali. Walikuwa na neno la theluji. Baba wa mbinguni walimwita kwa jina ambalo Wahindi walilihifadhi kama Dyaus Pitar, Wagiriki Zeus Pater, na Warumi Jupiter. Mgeni walimwita ghostis, neno ambalo Kiingereza limekuwa guest, yaani mgeni, na Kilatini cha baadaye hostis, yaani adui. Neno moja, nyuso mbili. Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufafanuliwa hilo.

Ila chombo kinachotusaidia zaidi ni gari. Gurudumu Wagiriki waliita kyklos, Wahindi chakra, Watokharia wa magharibi ya China kokale (kwao ni gari lenyewe), Waingereza wheel, na yote yanarudi kwenye mzizi mmoja kwa kanuni zile zile za sauti. Waajemi husema charkh. Na hiyo charkh ilipanda jahazi ikaja kwetu, ikawa cherehe, ikawa cherehani. Fundi wa hapo chini anayeshona kanzu zenu anazungusha neno lenye umri wa miaka zaidi ya 5,000. Ekseli wana neno lake. Nira wana neno lake: yuga kwa Wahindi, iugum kwa Warumi, yoke kwa Waingereza. Gari la magurudumu halikuwepo duniani kabla ya takriban mwaka 3500 KK. Ikiwa watu hao walikuwa na jina la gurudumu, la ekseli na la nira kabla hawajatawanyika, basi hawakutawanyika kabla ya kulijua gari. Wahiti peke yao wana mashaka hapa, maana neno lao la gurudumu ni jingine, na ndiyo maana wengi wanaamini tawi lao lilikatika mapema kuliko yote.

Mwaka 1956 mwanaakiolojia Marija Gimbutas, mzaliwa wa Lithuania aliyehamia Marekani baada ya vita, alisema mahali penyewe ni nyika iliyo kaskazini ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, Ukraina na kusini mwa Urusi ya leo, kwa wale waliozika wakubwa wao chini ya vilima vya udongo viitwavyo kurgan. Mwaka 1987 Mwingereza Colin Renfrew akampinga. Hapana, akasema, lugha hizi zilitoka Uturuki pamoja na kilimo, maelfu ya miaka kabla ya hapo, na zilisambaa polepole, shamba kwa shamba. Kwa muda mrefu wengi waliona hoja ya Renfrew ni ya kiungwana zaidi. Wakulima wapole, hakuna farasi, hakuna vumbi, hakuna mwanamke anayesimulia habari za wavamizi.

Mwaka 2015 mambo yakageuka. Makundi mawili ya watafiti, kila moja kivyake, yalitoa vinasaba katika mifupa ya kale na kuchapisha matokeo. Watu wa nyika wa utamaduni uitwao Yamnaya, kuanzia kama mwaka 3300 KK, walikuwa wametiririka kuelekea magharibi kwa wingi ambao hakuna aliyeutegemea. Mifupa ya Ujerumani ya kama mwaka 2500 KK, ya watu waliotengeneza vyungu vyenye alama za kamba, ilionyesha takriban robo tatu ya asili yao inalingana na watu wa Yamnaya. Upande wa mashariki, wengine wa damu ile ile walikuwa wamefika milima ya Altai, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka kwao. Huenda hao ndio mizizi ya Watokharia na kokale yao. Miaka mitatu baadaye Uingereza nayo ikaonyesha kwamba baada ya kama 2450 KK karibu asilimia 90 ya asili ya wakaazi ilibadilika. Wale waliosimamisha mawe makubwa ya Stonehenge, ukoo wao ulikwisha karibu wote.

Mwaka 2017 Renfrew, mzee wa miaka 80, alisimama Chicago katika mhadhara wa kumkumbuka Gimbutas, aliyefariki tangu 1994, akakiri kwamba hoja ya mama huyo imethibitishwa. Nimehudhuria mikutano mingi ya wasomi. Jambo hilo ni adimu kuliko mvua ya Januari.

Lakini msitoke hapa mkiwa na picha ya wapanda farasi wenye mapanga. Uchunguzi wa vinasaba vya farasi uliotoka mwaka 2021 ulionyesha kwamba farasi tunaowajua leo, wa kupandwa na kukokota, walianza kusambaa kutoka eneo la mito Volga na Don mnamo 2200 hadi 2000 KK. Yamnaya walikuwa wameshaondoka miaka 700 nyuma. Wao walisafiri kwa gari zito la ng'ombe, magurudumu ya ubao mzima, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Na maziwa. Watafiti wamekwangua ukoga katika meno ya maiti zao, wakakuta protini za maziwa karibu kwa kila mmoja, wakati mababu zao wa kabla ya hapo karibu wote hawakuwa nazo. Ukiwa na gari la kubebea nyumba na mifugo ya kukupa kinywaji, nyika ambayo mwanzoni ilikuwa ya kuvukwa tu inakuwa ya kukaliwa. Tena kulikuwa na maradhi: bakteria wa tauni wamepatikana katika meno ya watu wa nyika wa zama hizo, na huenda vijiji vya Ulaya vilikuwa vimeshadhoofika kabla gari la kwanza halijaonekana upeoni.

Farasi na gari jepesi la vita vilikuja baadaye, kwa watu wa Sintashta kusini mwa milima ya Ural, kama mwaka 2000 KK. Hao ndio tunaowahusisha na tawi la Wahindi na Waajemi. Karne ya 14 KK, kaskazini mwa Syria, ufalme wa Mitanni ulifunga mkataba na Wahiti, na miongoni mwa mashahidi wakatajwa Mitra, Varuna, Indra na Nasatya, miungu ya Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindi, kilomita maelfu kutoka India. Mfunzi wa farasi wa huko, Kikkuli, aliacha maelekezo ya mazoezi yenye namba aika, tera, panza, satta. Moja, tatu, tano, saba. Jirani yangu wa Gujarat angeyaelewa. India kwenyewe asili ya nyika inaonekana kuingia kati ya 2000 na 1500 KK. Huko jambo hili ni la siasa kali, na sitaki kulikoroga usiku huu. Niseme tu kwamba Harappa na Mohenjo-daro, ile miji ya kale ya bonde la Indus, ni kongwe kuliko kuja kwa hao wa nyika, na kwamba kuingia si lazima kuwe uvamizi.

Na ubishi haujaisha. Mwaka 2023 kundi moja lililopiga hesabu za msamiati lilisema ukoo huu una miaka kama 8,100, na chimbuko lake ni kusini mwa milima ya Caucasus. Mwaka 2025 watafiti wa vinasaba wakajibu kwamba mzizi wa wote, pamoja na Wahiti, ni watu waliokaa kati ya Caucasus na Volga ya chini. Mimi, kwa sababu ya gari, nimesimama na hawa wa pili.

Nilisema nitarudi kwa Meinhof. Arya ni jina ambalo Wahindi na Waajemi wa kale walijiita wenyewe; Iran ni neno hilo hilo. Wasomi wa Ulaya wa karne ya 19 walilinyakua, wakaligeuza kutoka jina la wasemaji kuwa jina la damu, na damu kuwa cheo. Tunajua Ujerumani ilifikia wapi. Meinhof aliyetufundisha sauti za Kibantu ndiye aliyeandika pia juu ya “Wahamiti”, wafugaji weupe-weupe waliodhaniwa kuja kuwatawala Waafrika, na mwaka 1933 alijiunga na chama cha Hitler. Hadithi hiyo ya Wahamiti, wakoloni waliipanda Rwanda, na mwaka 1994 tuliona mavuno yake. Mwenzetu wa Kigali aliyehesabu hapa mwanzo hahitaji nimweleze. Wote Rwanda walihesabu kabiri, gatatu, kane.

Basi, mama mmoja pale mstari wa pili ameniletea swali kwenye karatasi, na ni bora kuliko mhadhara wangu. Anauliza: ikiwa hao wa nyika walikwenda na lugha yao ikashinda, mbona Washirazi walikuja kwetu na Kiajemi chao kikashindwa?

Mama, umenishika. Mwaka 2023 walichapisha vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji yetu ya kale na jirani zake, Manda, Mtwapa, Kilwa na kwingineko. Kwa wengi wa pwani zaidi ya nusu ya asili ni ya Afrika, na hiyo imetoka hasa kwa akina mama. Sehemu kubwa ya iliyobaki imetoka Asia, kwa akina baba, na Asia hiyo mwanzoni ni Uajemi zaidi, pamoja na India kidogo. Kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000. Kwa hiyo wasemaji wa Kihindi-Kiulaya kweli walifika hapa, kweli walizaa hapa, na wameacha bandari, dirisha, pamba, bustani na Nairuzi ya kule Makunduchi. Sarufi hawakuigusa. Watoto wao walisema Kibantu.

Si sisi peke yetu. Hispania ilipofika 2000 KK karibu nasaba zote za kiume zilikuwa za watu wenye asili ya nyika. Wabaski wanazo nasaba hizo hizo. Na Wabaski, hadi leo, lugha yao si ya Kihindi-Kiulaya hata chembe. Akina baba walibadilika, lugha ya nyumba ikabaki.

Kwa nini? Nitakupa rai yangu, na ni rai tu. Katika lugha ile ya nyika maneno ya ukwe yanayojengeka vizuri ni yale anayoyatumia mwanamke kwa watu wa mumewe. Kuna neno la shemeji, ndugu wa mume: devar kwa Kihindi hadi leo, levir kwa Kilatini. Ndugu za mke hawana neno lililo wazi hivyo. Maana yake bibi harusi alipandishwa garini akaenda kuishi kwa wakwe, akajifunza kuzungumza kama wao, na wanawe wakazungumza kama wao. Sasa nenda Lamu. Baba mwenye uwezo alimjengea binti yake nyumba, mara nyingine kwa kuongeza ghorofa juu ya yake. Bwana harusi, awe wa mtaa wa pili au ameshuka kutoka jahazini na mazulia yake ya Shiraz, aliingia katika nyumba hiyo. Mama mkwe yupo chini, shangazi wapo mlango wa pili, watumishi, watoto, jikoni, kisimani, kote ni Kiswahili. Yeye ni mmoja, na pepo za kusi zikianza anaondoka kwa miezi.

Kuna mkono mwingine kule nyuma. Karibu, mwanangu, ila sema kwa sauti, mvua imezidi.